Kinu cha Ibonaka

4 Mei
Daftari hili nimelipata kwenye bahati nasibu ya akina mama wa kanisa. Zawadi ya kwanza ilikuwa nguruwe, ya pili sufuria, ya tatu ndiyo hii. Mchungaji akanishika bega: "Mzee Tosiyeli, andika humo neema unazopewa kila siku." Neema zangu ni chache, nazijua kwa majina. Nitaandika upuuzi wa watu, maana huo hauishi. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu aliponifukuza kwa kumwekea kaa mfukoni, kaa hai. Herufi nilizopata kabla ya kaa zinanitosha.

Naanza na shemeji yangu Mwayubu. Kwetu kaka ndiye anayejaza ghala la viazi vikuu la mume wa dada yake. Mimi namlimia dada yangu, na Mwayubu anamlimia dada yake Ibonaka, ambaye ni mke wangu. Kwa hiyo miaka arobaini na moja nakula jasho la Mwayubu, na miaka arobaini na moja namwambia viazi vyake ni vidogo. Si vidogo. Lakini nimwambie ni vikubwa apate usingizi?

7 Mei
Mvua. Ibonaka ameng'oka jino lake la mwisho ndani ya tonge la samaki. Amelishika kwenye kiganja, analitazama kama mtu aliyeokota sarafu ya nchi nyingine.

"Sasa popoo na tambuu utatafuna na nini?" nikamuuliza.
"Utanitafunia wewe."
"Kwa kinywa hiki?"
"Nakijua tangu nikiwa msichana. Ndiyo maana nasita."

9 Mei
Nimemchongea kinu cha mpingo, kidogo, kinaenea kiganjani, na mchi wake mfupi. Nimezungushia nakshi za ndege. Unatia popoo, unatia kitunda cha tambuu, unatia chokaa, unaponda mpaka rangi inakuja nyekundu kama kidonda. Anakula kwa kijiko. Sisi wenye meno tunatafuna na kutema. Yeye anameza yote. Akitema, atabaki na nini?

Chokaa ni yangu. Kisiwa kizima kinajua chokaa ya Tosiyeli. Matumbawe nachagua mwenyewe, meupe yenye matawi, nayachoma juu ya magogo makavu siku isiyo na upepo, nayanyunyizia maji yakiwa ya moto, yanaanguka unga laini kuliko unga wa ngano. Naihifadhi kwenye kibuyu alichoniachia mjomba wangu, naye aliachiwa na mjomba wake. Nikigonga kijiti kwenye mdomo wa kibuyu hicho, wanaume wenye chokaa ya mchanga mchanga wanaficha vyao.

10 Mei
Nimemponda mara nane. Namaanisha nimempondea. Ko, ko, ko. Jirani anauliza kama tunajenga.

20 Mei
Upepo wa kusini-mashariki umeingia, na baridi yake. Ibonaka anakunywa maji kama mtumbwi uliotoboka, na anakwenda kichakani kila baada ya dua. Nimemwambia mchungaji afupishe dua zake, mke wangu hazimudu. Mchungaji hakucheka. Ibonaka alicheka, kisha akaenda tena.

29 Mei
Tumbo limemfunga siku ya tano. Chakula anakisukuma pembeni. Mifupa inamuuma, anasema, "kama mtu aliyebeba nguzo za kanisa peke yake." Popoo hufungua tumbo na chokaa hutuliza kichefuchefu, ndivyo alivyosema marehemu mama yangu, na hakuna aliyebishana na mama yangu akabaki na amani. Nimeongeza vyote viwili. Sasa nampondea mara kumi na mbili kwa siku. Akila mchanganyiko ule anatulia, na mimi natulia.

6 Juni
Asubuhi nimempelekea uji wa magimbi. Akanitazama muda mrefu.
"Wewe ni mtoto wa nani?"
Nikajibu, "Wa bibi mmoja aliyekuwa na bahati mbaya."
"Amekulea vizuri," akasema. "Una adabu."
Nikacheka mpaka uji ukamwagika. Nyumba yetu ni ya mizaha. Tumeoana kwa mzaha. Nilikuwa bado nacheka nilipoona kwamba yeye hacheki. Alikuwa ananisubiri nimwambie mimi ni mtoto wa nani.

8 Juni
Ko, ko, ko.

15 Juni
Mwayubu amekuja. Akakaa kitako karibu kabisa na dada yake, akatafuna tangawizi, akamnong'oneza sikioni maneno ambayo sikuyasikia, akampulizia utosini. Alipoondoka, Ibonaka alilala mpaka jioni, na alipoamka hakujua ni asubuhi au jioni.

Najua watu hupulizia wagonjwa wapone. Najua pia kwamba mlango anaoingilia anayeponya ndio huo huo anaoingilia anayeua. Shamba la Mwayubu mwaka huu limezaa kuliko mashamba yote. Kwa nini mwaka huu?

16 Juni
Nimelifikiria hilo mchana kutwa huku nikiponda.

27 Juni
Leo ilikuwa siku ya kujaza ghala.

Mwayubu ameleta viazi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, ukoo mzima wakishuka kwa nyimbo, vikapu vichwani, vijana wamejipaka mkaa. Wakavipanga uani mwangu chungu moja kubwa, ya mviringo, vile virefu vikisimama juu kama watu. Nilizunguka chungu ile. Sijawahi kuona kama hiyo, na nimeishi. Kulikuwa na kiazi kirefu kuliko mimi. Kijiji kizima kimesimama, wanangojea niseme neno langu la kila mwaka, "Shemeji, umetuletea vifaranga," wapate kucheka waende nyumbani.

Mwayubu mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu, anangojea.

Nyuma yangu, kibarazani, Ibonaka amekaa na udenda, macho yamefunguka kwa chungu ile kama yanavyofunguka kwa ukuta. Hakumjua kaka yake. Hakujua viazi ni nini.

Nikasema, "Virudishe."
Watu wakacheka. Mwayubu akacheka. "Vidogo mno, shemeji?"
"Vikubwa mno. Vimenona. Kuna kitu vimekula."
"Vimekula nini?"
"Vimemla dada yako."

Kicheko kilikatika kama kamba. Mzee mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. Kumwambia mtu ni mchawi ni jambo moja. Watu hupigana, hupatana. Kumwambia mtu anamla dada yake, tumbo moja, damu ambayo ukoo wake wote unapita humo! Na kumwambia mbele ya chakula alichokilima kwa ajili yake! Neno hilo sijawahi kulisikia likisemwa hadharani. Sasa nimelisikia, na mdomo ulikuwa wangu.

Mwayubu hakunipiga. Alitazama mikono yake, ambayo udongo haujaitoka. Akasema, "Miaka arobaini na moja nimedhani unatania."

Akaondoka. Ukoo wake wakaondoka nyuma yake, bila wimbo. Viazi vimebaki pale uani. Mimi siwezi kuvila, yeye hawezi kuvichukua.

30 Juni
Ibonaka ameanguka akienda mtungini kunywa maji. Macho yamegeuka. Nilipiga ukelele, na wa kwanza kufika alikuwa Mwayubu, na wa kwanza kuleta boti la injini alikuwa Mwayubu. Hakunitazama. Alimbeba dada yake kama kikapu cha mayai, akanionyesha kwa kidevu nikae mbele kwenye mawimbi. Muda wa saa sita baharini, mvua inatupiga usoni. Nilikuwa nimebeba mkoba wangu tu, na ndani yake kibuyu, popoo, na kinu.

2 Julai
Hospitali ya mjini. Daktari ni mwanamke wa milimani, anaitwa Wambi, mrefu, viatu vya mpira. Amempapasa Ibonaka shingoni kama mtu anayetafuta mbegu kwenye tunda. Damu imechukuliwa. Wamemtundikia maji ya chumvi, chupa kwa chupa.

"Babu," ananiambia, "damu ya bibi ina kalsiamu nyingi mno. Nyingi ya kutisha."
"Iondoe basi."
"Maji yataisukuma. Lakini lazima tujue inatoka wapi. Nadhani ni tezi za shingoni. Kuna kipimo kimekwenda mji mkuu, kitachukua siku kadhaa. Kama ni tezi, itabidi apasuliwe hapa." Akajigusa koo.

Kalsiamu. Sikuuliza ni nini. Mgonjwa akiwa chini, jina la ugonjwa ni jina tu, kama jina la mbwa anayekuuma.

5 Julai
Ameniita Tosiyeli! Asubuhi, akiwa amelala, macho safi: "Tosiyeli, mbona umevaa shati la mtu?" Ni kweli, nimeazima la Mwayubu, langu lililowa. Mwayubu alikuwa mlangoni. Akatoka nje, nikamsikia akipenga kamasi kwa nguvu.

Basi pumzi yake ya tangawizi haikuwa na kitu? Au dawa ya hospitali imeishinda? Sijui. Sikumtafuta nje.

6 Julai
Ibonaka anadai popoo. Getini pana bango: tambuu marufuku, mate mekundu marufuku, faini. Sista Rodha, mlinzi wa wodi, ananusa mikoba kama mbwa wa polisi.

"Babu, umebeba nini humo?"
"Biblia, mwanangu."
"Mbona inagongana?"
"Ni Agano la Kale."

Akacheka akanipitisha. Nimempondea Ibonaka chini ya shuka, mchi nimeuzungushia kitambaa usilie. Akala, akafumba macho, akasema, "Sasa niko nyumbani." Nimeiibia serikali! Nimefurahi kama siku ya yule kaa.

7 Julai
Mara sita, chini ya shuka. Sista Rodha hajashtuka.

8 Julai
Mara tisa. Anakunywa maji sana.

9 Julai
Ameniuliza mimi ni mtoto wa nani.

10 Julai
Wameongeza chupa. Daktari Wambi anasimama miguuni pa kitanda anasoma karatasi, anakunja uso. "Alikuwa anashuka," anasema. "Alikuwa anashuka vizuri kabisa." Figo zimeanza kuchoka, anasema. Akisema figo, anasema kwa sauti ya chini.

Mwayubu analala kwenye sakafu ya veranda. Leo nimempitia, nikamwambia, "Umefanya nini tena?" Aligeukia ukutani.

11 Julai
Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Daktari alikuja na karatasi ya mji mkuu. Akavuta kiti, akakaa magoti yetu yakakaribiana.

"Babu, nisikilize vizuri. Shingoni mwa kila mtu kuna tezi nne, ndogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kuchunga kalsiamu ya damu. Ikipungua, zinaamka, zinapiga kelele mpaka iongezeke. Nilidhani moja ya bibi imevimba, inapiga kelele bila sababu. Nilikuwa tayari kumpeleka akapasuliwe."
"Na sasa?"
"Sasa nimeona zimelala. Zimelala fofofo. Ni kama walinzi wa ghala wanaoona ghala limefurika: hawana la kufanya, wamelala. Tezi za bibi ni nzima. Kalsiamu inatoka nje. Kuna kitu anakula."

Nikasikia utamu mbaya moyoni. Nikasema, "Nilijua. Amelishwa."
"Anakula nini nyumbani?"
"Viazi vikuu. Samaki. Majani. Uji wa magimbi."
"Maziwa mengi? Vidonge vya kiungulia?"
"Vidonge tutavipata wapi, daktari? Hii kalsiamu ni sumu ya aina gani? Inatengenezwa na nani?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Si sumu, Babu. Ndiyo iliyojenga mifupa yako. Imo kwenye maganda ya konokono, kwenye kome, kwenye matumbawe..."

"Matumbawe," nikasema.

"Ndiyo, matumbawe ni hiyo hiyo, karibu yote."

Mkoba ulikuwa chini ya kitanda, unagusa kisigino changu. Sista Rodha alikuwa mlangoni. Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hilo, na naliandika ili nisije nikajisifu baadaye: niliwaza kunyamaza, nimwache Mwayubu na jina nililompa. Niliwaza kwa muda wa pumzi moja. Kisha Ibonaka akageuza uso, akanitazama kwa adabu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Nikautoa mkoba. Nikatoa kibuyu, nikatoa kinu. Ndege wa nakshi walikuwa wamejaa uwekundu kwenye mabawa. Nikaviweka kwenye shuka nyeupe.

Daktari alifungua kibuyu, akachovya kidole, akakitazama. "Anatia kiasi gani?"
"Natia mimi."
"Anatema?"
"Hana meno. Anameza."
"Mara ngapi?"
"Kumi na mbili. Humu ndani tisa."

Sista Rodha akasema polepole, "Agano la Kale."

Daktari hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba sisi wenye meno tunatema nyingi, nasi hatuponi sote; lakini kumeza chokaa kijiko kwa kijiko, miezi miwili, mwili mdogo wa kizee... Akaacha hapo. Akasema amefurahi hakumpasua.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Kilichomla mke wangu kilikuwa kwenye mkono wangu, na nilikuwa nakipiga mchi mwenyewe, na kila nilipopiga nilikuwa nikimwita mwingine mchawi.

12 Julai
Nimekaa.

13 Julai
Nimetoka verandani. Nikamwambia Mwayubu yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi umenitukana mbele ya watu. Mbona unaniambia nikiwa peke yangu?" Akageukia ukutani tena.

17 Julai
Anajua jina langu. Anajua la Mwayubu. La mchungaji amelikataa, lakini hilo ni hiari yake.

26 Julai
Tumerudi kisiwani kwa boti la Mwayubu. Bahari tulivu. Daktari amesema figo hazitarudi zote. Kila baada ya miezi apimwe. Lakini alishuka botini kwa miguu yake, akawatukana waliotaka kumshika.

Kijiji kilikuwa uani. Viazi bado viko pale, vingine vimeanza kuchipua, hakuna aliyevigusa. Mwayubu alisimama mbali, nje ya ua, kwa sababu ndani nilimfukuza.

Nikapanda kwenye jiwe. Nikasema, "Mnamtafuta mchawi. Nimemleta. Ni mimi."

Wakacheka.

Nikasema ni kweli, nimemlisha mke wangu chokaa mpaka akasahau jina langu. Wakacheka zaidi. Mzee yule aliyefunika mdomo siku ile akasema, "Tosiyeli hajafa bado!" Nikawaambia habari ya tezi nne kama punje za mchele, zinazolala shingoni. Akina mama waliketi chini kwa kicheko, wanapapasana shingo, "Zako zimelala?" "Zangu zinakoroma!" Nilipaza sauti, na kadiri nilivyopaza ndivyo walivyocheka, na mimi juu ya jiwe nimekauka. Maisha yangu yote nimewafundisha watu hawa wasiniamini hata neno moja, na wamefuzu wote.

Mwayubu peke yake hakucheka.

Nikachukua kibuyu cha mjomba wangu. Nikakiinua wakione, na wengine wakapiga vigelegele, wakidhani nitagonga kijiti. Nikakipasua juu ya jiwe. Chokaa iliruka juu, nyeupe, ikanifunika nywele na macho. Kisha nikakiweka kinu pale pale na kukivunja kwa nyundo niliyokuja nayo.

Nilipofumbua macho, kimya. Hata mbwa. Kibuyu kile kilikuwa na umri mkubwa kuliko kanisa.

"Mwayubu hakumla dada yake," nikasema. "Mimi ndiye niliyemlisha, na nikamsingizia aliyemlimia."

Ibonaka akasema kutoka kibarazani, "Na chokaa yenyewe ilikuwa tamu." Hakuna aliyejua kama acheke.

Mwayubu akaingia uani. Alitembea polepole mpaka kwenye chungu, akainama, akakipangusa chipukizi kile kiazi kirefu kuliko mimi. Bado hakunitazama.

"Shemeji."
"Naam."
"Viazi vyangu. Ni vidogo?"

Watu wote wananitazama. Chokaa inaniwasha machoni.

"Ni vikubwa," nikasema. "Vyote vilikuwa vikubwa. Kila mwaka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi leo nitalala," akasema, akakinyanyua begani kiazi kile, akaanza kupanda ngazi ya ghala langu.

3 Agosti
Nimemtwangia Ibonaka popoo na tambuu kwenye kifuu cha nazi, bila chokaa. Rangi haiji, inabaki kama tope. Akaonja, akatema mpaka nje ya kibaraza.

"Hii unampa nguruwe gani?"
"Ndiyo inayobaki."
"Na wewe? Yako ina chokaa?"
Nikamwonyesha ulimi wangu. Siku ya nane hauna wekundu. Akaucheka, akasema unafanana na ulimi wa mchungaji.

Tangu asubuhi ameniita Tosiyeli mara saba: tatu kwa kunituma kuni, nne kwa kunitukana. Zote nimezihesabu.